Shibiri Moja ya Tairi

Kila nikiona pikapu iliyopandishwa magurudumu makubwa, mpaka mwenyewe anajivuta kwa kushika mlango ndipo aingie, huwa nasimama nikaitazama. Mjukuu wangu huwaambia wenzake kwamba babu anapenda magari. Siyapendi. Nilishinda nayo miaka yangu yote ya nguvu, hapo kando ya barabara inayotoka Machakos mjini kwenda Kola, nikifungua tairi, nikiziba pancha na kutia upepo, na huu mgongo wangu ndio unaojua ni mapenzi ya namna gani. Nasimama kwa sababu nyingine. Nitawaeleza, ila mnivumilie, maana mimi nikianza habari za tairi sifiki upesi.

Nyinyi vijana mkija kunijulia hali, swali lenu ni moja. "Babu Salimu, niweke tairi gani ndiyo gari isinywe mafuta?" Mnataka jina la kampuni, na mimi nawauliza mnabeba nini na mnapita wapi, mnaona kama nawazungusha. Lakini hakuna jibu lingine. Anayebeba saruji kila siku kwenye lami hana haja na tairi ya mwenzake anayeingia kwenye matope ya mtoni kufuata mchanga. Mkinisikiliza mpaka hapo mmeshinda wengi walionilipa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Twalibu, jirani yetu pale karibu na msikiti. Mkali kama pilipili, na alikuwa hasemi jambo mara mbili. Siku niliyokwenda kwake nilidhani atanipa spana. Akanionyesha pikapu iliyokuwa imesimama kiwanjani, akaniambia nisukume. Nikasukuma mpaka jasho likaniingia machoni, gari ikasogea kwa kununa. Kisha akaleta pampu ya mkono, kompresa tulikuwa hatuna, akanifanya nijaze magurudumu yote manne upepo wake sawasawa. Akaniambia nisukume tena. Safari hii gari ikaondoka kwa mkono mmoja karibu inikimbie.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Basi na injini inasikia hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yenyewe hailalamiki. Inakunywa."

Hilo ndilo somo lote la mafuta na tairi. Mengine niliyojifunza baadaye yalikuwa kuliongezea maji tu. Pimeni upepo asubuhi, kabla gari haijatembea, kwa sababu tairi ikishapata joto itawapa hesabu ya uongo. Mkifika safari, shukeni mguse kila tairi kwa kiganja. Ile inayochoma kuliko wenzake ina njaa ya upepo au breki yake imeshika. Alikuwako mzee mmoja wa maziwa aliyetoka upande wa Mua. Alikuwa anatoa upepo makusudi ili mikebe yake isitikisike, halafu anagombana na kila kituo cha mafuta mjini kwamba petroli yao imetiwa maji. Alihama vituo vyote, mwisho akabaki hana pa kununua. Tulimcheka sana. Siku hizi nikimkumbuka sicheki, maana naona sote tulikuwa kama yeye. Mafuta yakipungua, mtu wa kwanza kumshuku ni mwanadamu mwenzako.

Sasa niwaambie habari ya pikapu ya Musau.

Musau alikuwa mfanyabiashara wa Kola, anapeleka maembe na mboga sokoni Nairobi na kurudi na mbolea. Dereva wake alikuwa Kyalo, mteja wangu wa siku zote, mtu mwaminifu na mwenye kujisifu kidogo. Geji ya mafuta ya pikapu ile ilikufa zamani, mshale ukalala chini usiamke. Hakuna aliyejali kuitengeneza kwa sababu Kyalo alikuwa na hesabu yake. Akijaza tenki, alisoma mita ya kilomita kwenye dashibodi, na alijua ikifika mahali fulani lazima atafute petroli. Miaka mingi hakuwahi kukosea. "Mimi niko na geji kwa kichwa," alikuwa ananiambia, akigonga paji la uso.

Ukaja mwaka ule wa mvua za El Niño. Barabara ya Kola ikageuka uji. Magari yalizama mpaka milangoni, na Musau akaona maembe yake yataozea njiani. Akaenda Nairobi, akarudi pikapu imevaa tairi kubwa za meno, ndefu, zenye kula matope. Na kweli zilikula. Kyalo alipita pale trekta zilipokwama. Watoto wa njiani walimpigia makofi, na yeye akaanza kuendesha kiwiko kikiwa nje ya dirisha.

Tairi za meno zina kazi yake, sizisemi vibaya. Lakini kwenye lami kila jino linajikunja na kujikunjua, na kila kujikunja ni petroli. Ni nzito, injini inazibeba kama mzigo kabla haijabeba gunia hata moja. Na kwa kuwa ni ndefu, gari hukosa nguvu mlimani, dereva anarudisha gea ya chini mapema, injini inalia. Mvua ziliisha, barabara ikakauka na kuwa vumbi, tairi zikabaki kwa sababu zilikuwa za bei na zilikuwa zinapendeza.

Hapo ndipo Kyalo alipoanza kuja kwangu na uso uliokunjamana.

"Fundi, hiyo gari inapoteza mafuta."

"Inavuja?"

"Haivuji. Nimeangalia chini, hakuna hata tone. Hizo mafuta zinapungua kila wiki, na ni kiasi kilekile tu. Kuna mtu ananyonya."

Gari lilikuwa linalala uani kwa Musau, na uani alikuwako mlinzi mmoja, Ndeto. Mtu mzima, mpole, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa na rungu tu na tochi. Mke wake Kalekye alimletea chakula kila jioni kwenye bakuli iliyofungwa kitambaa. Binti yao Mwende alikuwa akipita kwangu akitoka shule, ananiomba vipande vya tyubu za zamani vya kufungia kuni, na hakuwa anaondoka bila kunitania kwamba mikono yangu na tairi havitofautiani. Nawataja wote kwa sababu habari yenyewe ni yao, si ya tairi.

Siku moja mamake Musau akazidiwa huko Kola. Akalazwa kwenye pikapu juu ya godoro, Kyalo akaondoka naye kuja hospitali mjini. Kwa hesabu ya kichwani mwake alikuwa na petroli ya kutosha na ya kubakia. Kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya kuuona mji, gari likakohoa na kuzima. Hakukuwa na mafuta. Walisimama juani, mgonjwa anahema, mpaka lori moja likapita likawavuta. Bibi yule alifika hospitali akiwa hasemi tena, na hakuamka. Kama angepona kwa kufika mapema, hakuna anayejua. Lakini mkimzika mzazi mkiwa na swali kama hilo, lazima mtalitafutia mtu.

Kyalo alisema mbele ya watu alichokuwa anakiamini. "Mimi niliacha mafuta kwa tenki. Hapo kwa boma inalala na nani? Ni soja peke yake."

Musau hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefiwa. Akamuuliza Ndeto, Ndeto akakana. Watu wakaanza kunong'ona, kanisani wakamwachia kiti chake na nafasi pande zote mbili. Ndipo yule mpole akafanya jambo ambalo hata mimi liliniogopesha. Alisema wazee waitwe, waje na kithitu.

Nyinyi wengine mmezaliwa juzi, mtasema ni mambo ya kale. Kithitu ni kiapo cha Wakamba, na nimeona watu wa tai na viatu vya ngozi wakibadilisha rangi kikitajwa. Ukikila kwa uongo, kifo kinaingia nyumbani mwako kabla ya muda uliowekwa na wazee kwisha. Sisi tunaapa kwa Msahafu na tunatetemeka vilevile, kwa hiyo sikumcheka mtu. Sikuruhusiwa kukaribia, lakini niliambiwa na waliokuwako alivyosema. "Kama mimi, ama mtu wa nyumba yangu, ameguza hiyo petroli, kitumalize."

Ama mtu wa nyumba yangu. Alijitia na wake wote ndani ili watu wajue hana shaka. Na kwa muda ikasaidia. Watu walianza kumsalimu, na Kyalo akaacha kusema. Aliendelea kuona petroli inapungua vilevile, lakini akaanza kubeba mtungi wa akiba nyuma ya kiti na kufunga mdomo.

Kisha Mwende akashikwa na homa. Ilianza kama homa zote, akanyweshwa dawa, akapata nafuu kidogo, na juma hilohilo akafa. Muda wa kiapo ulikuwa haujaisha.

Sijui niwaelezeje mazishi yale. Watu walikuja, wakasimama mbali. Hakuna aliyemshika Ndeto mkono. Kithitu kilikuwa kimesema, na mwizi ameonekana. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama, moyo ukiniuma kwa ajili ya yule mtoto, na sikuwa na neno la kumtetea baba yake. Baada ya hapo Ndeto aliondoka kwa Musau bila kufukuzwa, tukasikia yuko Lukenya anavunja mawe kwenye machimbo. Kalekye akarudi kwao Kangundo. Tulidhani ni huzuni tu imewatenganisha.

Ulipita muda mrefu. Zile tairi zikalika meno mpaka zikabaki vipara, na Musau, aliyechoshwa na gharama ya petroli, akaamua kurudia zile ndogo za kwanza ambazo zilikuwa zimefunikwa gunia nyuma ya duka lake. Kyalo akaniletea kazi hiyo asubuhi moja. Nikapandisha gari kwa jeki, nikafungua gurudumu moja kubwa, nikaliegemeza ukutani. Nikaleta ile ndogo, nikaiegemeza kando yake. Ndiyo mara ya kwanza macho yangu kuziona hizo mbili pamoja, maana zile kubwa zilifungiwa Nairobi, mimi nilikuwa natia upepo tu. Hata zikiwa zimelika, kubwa ilimpita mwenzake kwa kichwa, kama kaka na mdogo wake.

Nilisimama pale nimeshika spana ya magurudumu, kitu kinanikwaruza akilini. Nikachukua chaki tunayowekea alama ya pancha. Nikaichora tairi ndogo alama chini inapogusa ardhi, nikachora na ardhini, nikaibingirisha mpaka alama ikarudi chini, nikachora ardhini tena. Mzunguko mmoja. Nikaleta kubwa, nikaianzisha palepale. Ilipomaliza mzunguko wake ilikuwa imeipita ndogo kwa shibiri nzima ya mkono wangu.

Kyalo alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai. "Unacheza nini, fundi?"

"Hiyo mita yako inahesabu nini?"

"Kilomita."

"Haijui kilomita. Inahesabu mizunguko. Walioitengeneza waliipa urefu wa hii ndogo. Ulipovaa hii, kila mzunguko ulikuwa unaenda shibiri zaidi, na mita haijaambiwa."

Alitazama zile alama. Hakuwa mjinga, naye alikuwa amehesabu kwa mita ile maisha yake yote ya kazi. Nilimwona anapiga hesabu midomo ikicheza. Shibiri kwa kila mzunguko, kutoka Kola mpaka Nairobi na kurudi. Mita inamwambia bado, na gari limeshakwenda mbali kuliko inavyosema. Na juu yake, meno yanakula petroli kwenye lami, uzito, gea za chini milimani. Hayo mawili yakikutana, tenki linakauka wakati kichwa chake kinasema kuna ya kubakia. Nikamkumbusha neno lake mwenyewe, kwamba yalikuwa yanapungua kiasi kilekile kila wiki. Mwizi leo angenyonya nyingi, kesho kidogo, keshokutwa angeogopa. Mwizi gani ana kipimo?

Kyalo aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika na hakuiona.

"Fundi," akasema, "yule mtoto."

Tulimweleza Musau. Alikaa juu ya gunia la mbolea, akasema mimi na Kyalo twende tukamwambie Ndeto, tuchukue gari lake. Tulipakia tairi ndogo ya akiba, na kubwa moja, na chaki.

Ndeto tulimkuta Lukenya ameinama chini ya turubali bovu, vumbi la mawe limemfanya mweupe mpaka kope. Kyalo alianza kueleza, akakwama. Nikashusha zile tairi, nikazibingirisha mbele yake kama nilivyofanya kwangu. Alitazama kila kitu kwa makini. Mwishoni alipiga magoti, akaunyoosha mkono wake pale chini kati ya alama mbili za chaki. Shibiri ilitosha sawasawa. Akauacha mkono pale.

"Kwa hivyo hakuna mtu alichukua," akasema.

"Hakuna, mzee," Kyalo akajibu. "Ni mimi nilikusingizia. Hakuna mtu alichukua."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Nilitarajia atakasirika, au atamshukuru Mungu. Nilitaka afanye mojawapo, ningejua nishike nini. Alikaa vile akitazama mkono wake.

"Basi Mwende alikufa kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tumembebea. Kwa miaka ile yote alikuwa na jibu. Jibu baya, lakini lilikuwa lake. Alijua yeye hakuiba, na alijua kithitu hakikosei, kwa hiyo mwizi alikuwa nyumbani mwake. Na nyumbani mwake aliyekuwa anaingia uani kila jioni na bakuli ni mmoja. Alituambia mwenyewe, polepole, bila kutuangalia. Baada ya matanga alimuuliza mkewe, akamuuliza tena kesho yake, na mkewe alipokataa akamwambia arudi kwao.

"Mpelekeeni hiyo tairi Kangundo," akasema. "Mwonyesheni mama yake. Mimi sina uso."

Ndiyo sababu nawaambia, na nyinyi mnaona nawachosha. Ukibadilisha ukubwa wa tairi, chukua chaki kwanza, bingirisha ya zamani, bingirisha mpya, ujue mita yako itakupunja au itakuzidishia kiasi gani. Jaza tenki, tembea barabara unayoijua urefu wake, jaza tena, uone imekunywa ngapi. Rekebisha geji iliyokufa, usiweke kichwa chako mahali pake. Ukiona mafuta yanapungua, anza chini kwenye magurudumu, kisha mpira wa mafuta, kisha tenki, ukimaliza gari lote ndipo umtazame mtu. Nimeyasema haya kwa madereva wengi na wengi wao wananijibu kwamba tairi kubwa inapendeza. Ni kweli, inapendeza.

Kangundo tulifika alasiri. Kalekye alikuwa uani kwa kaka yake, anapepeta maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amezeeka kuliko mumewe. Alitukaribisha, akatupa viti, akaendelea na kazi yake wakati Kyalo anaeleza. Safari hii Kyalo hakukwama, alisema yote mpaka mwisho, na mimi nikashusha tairi, nikatoa chaki mfukoni.

"Acha, fundi," akaniambia. "Nimesikia."

Nikaacha. Alipuliza maganda, akageuza ungo.

"Nilimpelekea huyo mtu chakula kila jioni," akasema. "Nikazika mtoto. Akaniuliza kama ni mimi. Akaniuliza mara mbili." Aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe akalitupa. "Na leo ananitumia tairi?"

Nikarudisha chaki mfukoni na tukazipakia tairi garini, moja mimi, moja Kyalo.